UFUNGUO WA KIWANJA



Kiwanja cha michezo kina kazi nyingi kuliko mpira. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi wakapelekwa Kasarani kukaguliwa vipande vyao. Kiwanja kikawa korokoro.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi waliookoka walipelekwa kiwanja cha Nyayo, Nairobi, ambako wazazi waliwangojea. Kiwanja kikawa mahali pa machozi na pa kukumbatiana.

Basi kiwanja hakina kosa. Yatazameni mambo ya mwenye ufunguo.

Sisi wa Tarbaj tuna watoto wanaotazamia kusoma Garissa. Twasema hivi: kiwanja cha chuo kiwe cha wote. Wanafunzi wacheze, wafanya kazi wakutane, na mto Tana ukifurika, waliohama wapate pa kulala. Walinzi na wafagiaji wake walipwe mshahara wa haki. Wala asifungiwe mtu ndani yake kwa sababu ya kabila lake.

Tuyaseme sasa. Mlango ukiisha kutiwa kufuli, tutabaki kupiga hodi.