Nanasi la Kabondo na Sukari ya Ng'ambo

Kreti ya soda inayoshushwa dukani Awendo imepita katikati ya miwa, kushoto na kulia mwa barabara, lakini sukari iliyo ndani ya chupa zake haikutoka kwenye miwa hiyo. Kwa kawaida imetoka ng'ambo. Imeingilia bandari ya Mombasa, ikachanganywa na maji na gesi kiwandani Kisumu au Nairobi, kisha ikaletwa kwa lori kuuziwa mkulima wa miwa ambaye bado anasubiri malipo ya mavuno yake. Toleo hili tumelitoa kwa viwanda vya vinywaji visivyo na kileo kwa sababu safari hiyo ya sukari inaeleza hali ya Migori na Homa Bay kuliko hotuba nyingi za uwekezaji.

Ukiitazama nchi nzima, huwezi kusema viwanda hivi vimekufa. Coca-Cola imekuwa ikitia soda chupani Kenya tangu 1948. Pepsi iliondoka na ikarudi. Thika ina Del Monte na ina Kevian, yenye juisi ya Afia. Eneo la ziwa linahudumiwa na Equator Bottlers ya Kisumu, na maji ya chupa yameenea hadi vituo vya boda boda. Ila ukitoka Sondu ukashuka mpaka Isebania, hukutani na kiwanda kikubwa cha juisi hata kimoja. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania utamkuta Bakhresa, ambaye ana kiwanda cha matunda Mwandege, Mkuranga, huku Nyanza Bottling ikijaza soda Mwanza, kwenye ziwa hilihili letu.

Tuanze na sukari. Kiwanda cha Sony pale Awendo kilianza mwaka 1979, na Ndhiwa kuna Sukari Industries. Vyote hukamua miwa na kutoa sukari ya mezani, ile ya kahawia tunayotia kwenye chai. Mtengenezaji wa soda hawezi kuitumia, na si kwa dharau. Sukari ya kahawia hubaki na gundi ya muwa, majivu na rangi. Mabaki hayo yakikutana na asidi ya soda, baada ya siku kadhaa huganda yakawa nyuzinyuzi zinazoelea, na mteja huirudisha chupa akidhani imeharibika. Kwa hiyo kiwanda cha soda hutaka sukari iliyoyeyushwa upya, ikachujwa, ikaondolewa rangi na kugandishwa tena, na usafishaji wa namna hiyo nchini ni mdogo mno kulinganisha na mahitaji. Pengo hilo limezibwa kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki: sukari ya mezani kutoka nje ya masoko yetu ya kikanda hutozwa asilimia 100, ilhali kiwanda chenye kibali cha nafuu huingiza sukari ya viwandani kwa asilimia 10.

Simlaumu mwenye soda kwa kutumia mlango uliofunguliwa. Ninachouliza ni kwa nini umebaki wazi kwa miaka mingi bila sharti la kujenga mtambo wa kusafishia hapa nyumbani. Mei 2025 Sony ilikodishwa kwa Busia Sugar Industry kwa miaka 30. Hiyo ni nusu ya maisha ya mtu. Aliyekikodi akilipa madeni na kufufua mitambo ileile, tutapata sukari ileile, na mwaka 2055 kreti ya Awendo itakuwa bado inabeba utamu wa nchi nyingine. Usafishaji wa sukari ya viwandani ungepaswa kuwa kifungu cha kwanza kinachojadiliwa na mkulima wa Awendo, Uriri na Rongo, hata kabla ya bei ya tani ya miwa.

Kwenye nanasi jambo hili linauma zaidi. Kabondo na maeneo jirani ya Rachuonyo Kusini hulima mananasi, na yeyote anayesafiri kati ya Kisii na Kisumu ameyaona yamepangwa Chabera kando ya lami, akina mama wakikimbilia madirisha ya matatu. Mnanasi huchukua takriban mwaka mmoja na nusu tangu chipukizi lipandwe hadi tunda livunwe. Na tofauti na ndizi au embe, nanasi likishakatwa haliendelei kuiva wala kuongeza utamu; linasubiri kuoza tu. Mkulima hawezi kulikata mapema alisafirishe taratibu, wala kuliweka ghalani akingoja bei ipande. Dalali anajua hivyo. Akifika msimu wa wingi hutaja bei yake, na mama aliyelea shamba miezi 18 hana la kujibu, maana saa zinamwendea vibaya.

Kiwanda ndicho kingempa jibu. Habari njema ni kwamba, kwa upande wa utaalamu, nanasi ni tunda rahisi. Juisi yake ina asidi ya kutosha kuzuia vijidudu vingi vya hatari, kwa hiyo haihitaji mitambo ya joto kali la shinikizo kama maziwa ya muda mrefu au nyama ya kopo. Huchujwa, huchemshwa chini kidogo ya kiwango cha maji kuchemka, hujazwa ikiwa moto na kufungwa. Kikundi cha ushirika chenye maji safi, jiko la mvuke na mtu aliyefunzwa usafi kinaweza kuifanya kazi hiyo.

Hapo ndipo kinapokutana na ushuru. Kwa viwango vya Oktoba 2022, lita ya juisi ya matunda hutozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 14.14. Lita ya maji ya chupa na vinywaji vingine visivyo na kileo, soda zikiwemo, hutozwa shilingi 6.41. Yaani juisi ya nanasi la Kabondo hulipa zaidi ya mara mbili ya soda iliyotiwa sukari ya kuagiza. Tena kila chupa lazima iwe na stempu ya ushuru. Mpango wa stempu kwa maji, juisi na soda ulipingwa mahakamani na mwanaharakati Okiya Omtatah, Mahakama ya Rufaa ikaupitisha, na mamlaka ya mapato, KRA, ikauanzisha tarehe 13 Novemba 2019. Kampuni yenye mkanda wa kujaza maelfu ya chupa kwa saa hufunga mashine ya kubandika stempu na kuendelea. Kikundi cha akina mama kumi na wawili hubandika kwa mkono, chupa moja baada ya nyingine, baada ya kutafuta leseni ya ushuru na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Wengi hukata tamaa mapema. Huuza kwa chupa zilizookotwa, bila alama, wakimwangalia askari wa kaunti kwa jicho la pembeni, na afya ya mnywaji huachwa kwa bahati.

Kuna watakaosema hakuna serikali inayoweza kubuni ushuru kwa kufuata shamba. Kenya imeshafanya hivyo, na wakulima wa kaunti hizi mbili ni mashahidi. Bia ya keg inayopikwa kwa mtama ilipewa nafuu ya ushuru ili iwe rahisi na iwanunulie wakulima mtama wao. Mwaka 2013 nafuu ikapunguzwa, ushuru wa asilimia 50 ukawekwa, mauzo yakaporomoka na wakulima wakabaki na magunia. Mwaka 2015 nafuu ikaongezwa tena. East African Breweries ikajenga upya kiwanda cha Kisumu, kikafunguliwa 2019, na mtama wa Homa Bay, Migori na Siaya ukapata mnunuzi. Basi serikali inajua kwa hakika kwamba mstari mmoja kwenye jedwali la ushuru unaweza kuamua mtu wa Nyatike apande nini. Imeutumia ujuzi huo kwa pombe. Kwa juisi ya matunda imefanya kinyume chake, na siioni sababu ya kukubali hivyo.

Nami naongeza uji. Kinywaji cha nyumba nyingi za Waluo ni nyuka, uji wa mtama au wimbi, mara nyingi ukiwa umechachuliwa kwa ukwaju tunaouita chwaa. Afrika Kusini uji mchachu wa mahindi, mahewu, hutengenezwa viwandani na kuuzwa kwenye paketi dukani, na wafanyakazi huunywa kama chakula cha mchana. Mtama wetu unajua njia ya kwenda kwenye pipa la bia; njia ya kwenda kwenye chupa ya uji hakuna aliyeichonga kwa dhati, ingawa soko lake liko kila shule na kila eneo la ujenzi.

Daktari atanikumbusha kisukari, na ana haki. Juisi safi pia ina sukari, na sitaki mtoto apewe chupa tatu kwa siku eti kwa sababu nanasi ni letu. Lakini ushuru wetu hupima lita, haupimi sukari. Kinywaji kitamu kupindukia na maji matupu hulipa sawa. Tangu Aprili 2018 Afrika Kusini hutoza kinywaji kwa gramu za sukari zinazozidi nne katika kila mililita 100, na juisi ya matunda asilimia mia imeachwa nje. Kipimo cha namna hiyo kingelinda afya na shamba kwa pamoja.

Nitoe rai yangu kuhusu majengo, kwa kuwa kampeni hupenda majengo. Kaunti zisikimbilie mitambo ya kujaza chupa katika kila wadi. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha rojo la embe pale Kalamba, na rojo huuzwa kwa wenye viwanda vya juisi ambao wana chupa, malori na matangazo tayari. Mpango wa maeneo ya viwanda ya kaunti, ambapo serikali kuu na kaunti huchangia shilingi milioni 250 kila upande, umetenga Riwa, Karachuonyo, kwa Homa Bay. Mtambo mmoja wa rojo na juisi iliyokolezwa pale Riwa, unaopokea mananasi ya Kabondo na maembe ya kandokando ya ziwa, una maana zaidi kuliko majina kumi ya juisi yatakayokufa kabla ya uchaguzi ujao. Migori nayo, ambako wakulima wanaacha tumbaku Kuria na Uriri wakitafuta zao jingine, ingepata mahali pa kupeleka matunda.

Hayo yote yataanguka jedwali la ushuru likibaki lilivyo. Na kwa sasa watu wa kulibadilisha wako karibu nasi kuliko wakati mwingine wowote. Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwakilisha Suba Kusini bungeni. Gavana Gladys Wanga aliongoza Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa hadi 2022, kwa hiyo anaijua njia ya kila kifungu. Migori na Homa Bay zina maeneo bunge manane kila moja, na wawakilishi wa kike wawili. Hizo ni kura 18. Tunawaomba, katika Mswada wa Fedha ujao, waombe nafuu kwa juisi inayotengenezwa kwa matunda yaliyolimwa nchini, ya kiwango kilekile kilichopewa mtama wa bia, pamoja na msamaha wa stempu kwa vikundi vinavyotengeneza kiasi kidogo. Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi kila mwaka kabla ya mswada kupigiwa kura. Vikundi vya Kabondo, Chabera na Mbita vikipeleka memoranda zao, gazeti hili litazichapisha zote.