INJINI NDOGO YASINGIZIWA



Twaomba nafasi kidogo tuseme na ndugu zetu makarani waitukanao Toyota Passo kila wakutanapo. "Silinda 3 ni kibiriti," husema, "haiwezi kupanda Moshono." Sisi hatukubali.

Injini hiyo, 1KR-FE, kazi ya Daihatsu, ilianza kutumika katika Passo mwaka 2004. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 996, nayo huendeshwa kwa cheni, si mkanda. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini zisizofika lita 1 miaka 4 mfululizo, 2007 hata 2010. Kweli, gari lisimamapo hutetemeka. Ndiyo tabia ya silinda 3. Kweli pia kwamba Arusha, karibu meta 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na nguvu hupungua. Je, huo ni ugonjwa? Hata mtu apandaye mlima huhema.

Udhaifu wake ujulikanao sana ni pampu ya maji, ambayo huanza kuvuja tone kwa tone. Hapo ndipo aibu yetu ianzapo. Mwenye gari huongeza maji ya bomba katika rejeta kila asubuhi, akidhani aweka akiba. Maji matupu huleta kutu. Na injini hii ni ya aluminiamu, ikichemka sana silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Fundi naye hung'oa themostati akaitupa, akisema gari sasa "litapoa". Sisi tulitendewa hivyo, tukalipa, tena tukashukuru! Tangu siku ile injini haikupata joto lake, ikala petroli kupita kiasi, na pampu ikazidi kuvuja kwa kuwa hakuna aliyeitazama. Ilichemka kilimani, watoto wakashuka kwenda shule kwa miguu. Kutengeneza hedi kulimeza mshahara wa mwezi mzima na sehemu ya wa pili. Pampu peke yake isingalitufikisha huko.

Na oili? Kitabu cha gari chataka nyepesi. Twatia nzito, eti kwa sababu ya joto la Afrika. Joto gani la Moshono mwezi wa Julai? Tena twaiacha mpaka igeuke tope, cheni ikaanza kulia, ndipo twasema Wajapani wametudanganya.

Ndugu atakaye kubisha na afungue boneti mbele yetu, achomoe kijiti cha oili, kisha aseme.