Mkesha wa Mwaka Mpya: Simama Mbali Kidogo na KICC

Desemba ikifika katikati, swali nyumbani huwa ni lile lile: mwaka huu fataki tutazitazamia wapi? Na kwa wengi wetu Nairobi jibu huwa moja: KICC, tena karibu kabisa, chini ya jengo ikiwezekana. Mimi nasema hapana. Simama mbali. Kilomita moja hivi, mahali palipoinuka, na uwe umeshajua utarudi nyumbani kwa njia gani kabla hujachagua pa kusimama.

Sikuzaliwa na maoni haya. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mpwa wangu, wakati huo ana miaka sita. Tulifika mjini saa nne usiku ili tupate nafasi ya mbele, tukajibana City Hall Way, karibu na Kencom. Kwa saa mbili alichoona mtoto ni migongo ya majaketi. Nikambeba mabegani, shingo ikaniuma mimi, na yeye ikamuuma kwa kuangalia juu. Saa sita ilipofika, zile zilizopasuka upande wetu tulizisikia mpaka kifuani. Tamu kweli, sikatai. Za upande wa pili zilifichwa na jengo lenyewe. Dakika chache, kwisha, na watu wote wakageuka kwa pamoja kuelekea steji.

Nilimshusha nimfunge kamba za kiatu. Mtu akanisukuma, nikageuka. Kugeuka tena, mtoto hayupo.

Nilimpigia dada yangu, sijui hata nilitaka kumwambia nini. Simu haikuingia. Nikapiga tena, haikuingia. Dakika ishirini nilizunguka nikiita jina lake katikati ya vuvuzela. Nilimkuta kando ya Moi Avenue, amekalia kreti ya soda karibu na mama mmoja anayechoma mahindi. Yule mama hakunipa mtoto hivi hivi.

“Huyu unamjua?” akamuuliza.

“Ni mjomba.”

“Mjomba anaitwa nani?”

“Anaitwa Mjomba.”

Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Ikabidi nitaje jina la mama ya mtoto, na la mwalimu wake, ndipo akasema, “Haya baba, mshike mkono. Na wewe ndiye mkubwa hapa.” Nilitaka kununua mahindi mawili, angalau kwa kushukuru. Kulipa kwa simu, mtandao ukazunguka tu. Pesa taslimu sikuwa nayo. Akatupa mahindi bure. Nilichukua namba yake, asubuhi ya tarehe moja nikamtumia, nikaongeza na ya kutoa.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana hili jambo la pa kusimama. Hesabu yake si ngumu. KICC ina mita kama 105. Fataki ikipasuka juu yake, tuseme mita 200 kutoka chini, mtu aliye mita 100 kutoka kwenye jengo lazima akunje shingo kabisa. Aliye kilomita moja anainua macho kidogo tu, na anaona fataki zote, za mbele na za nyuma. Mlio nao una kipimo chake: ukiona mwanga, anza kuhesabu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Mwanga na mlio vikija pamoja, umekaribia mno. Watoto wanapenda sana mchezo huu wa kuhesabu, na unawafanya watulie.

Sasa, wapi hasa? Wengi watakuambia Uhuru Park, ng’ambo ya Uhuru Highway, kwa sababu pako wazi na pamepanda kuelekea Community. Ni pazuri, mradi uulize kwanza kama milango itakuwa wazi usiku huo. Ila kuna moshi. Desemba upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki na kaskazini-mashariki, kwa hivyo moshi husukumwa huko huko Uhuru Park na Upper Hill. Fataki za kwanza utaziona safi. Za mwisho, ambazo ndizo huwa kubwa, unaweza kuziona kama taa ndani ya ukungu.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa Ngara. Bonde la Mto Nairobi limeshuka katikati, Ngara imeinuka upande wa pili, na moshi unakwenda kinyume na wewe. Zaidi ya hayo, kwa sisi wa Thika Road, Ngara iko njiani. Fataki zikiisha, wale wa Kencom wanaanza kusukumana watafute matatu, sisi tayari tumeshatoka mjini. Kwa hesabu hiyo hiyo, mtu wa Ngong Road namwachia Community na moshi wake, maana kuvuka mji mzima saa sita na nusu usiku na watoto ni kubaya kuliko moshi. Usisimame tu kwenye daraja la watembea kwa miguu. Watu wakijaa pale huna pa kukimbilia, na wanyakuzi wa simu wanalijua hilo.

Wa Eastlands wana paa za ghorofa zao, na wengi hawazihesabu kama mahali pa kutazamia. Pale juu kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, mji wote unaonekana. Panda mchana kwanza uangalie kama paa lina ukuta na kama ukuta wenyewe unafika kifuani. Kama hauna, watoto wabaki chini, hata kama wanalia.

Mombasa mambo ni rahisi zaidi. Mama Ngina Waterfront mbele yake ni maji, hakuna jengo la kuziba, na kaskazi ya Desemba hupeleka moshi upande wa Likoni. Ukiwa na gari, liache mbali. Ukiwa Likoni, fikiria foleni ya feri kabla ya kuvuka.

Kuna suala la simu pia. Saa sita kamili watu wote wanapiga na kutuma kwa wakati mmoja, na malipo yanaweza kuchelewa kama salamu zinavyochelewa. Nauli ya kurudi iwe mfukoni kwa noti ndogo, na uiongeze, kwa sababu usiku huo kondakta hutaja bei anayoitaka. Na kuhusu kurekodi: mkono ulionyoshwa juu, skrini imefunguliwa, macho yako mbinguni. Mwizi anataka nini zaidi? Chagueni mtu mmoja arekodi dakika ya kwanza, wengine simu zikae mfuko wa ndani. Video yenyewe hutaitazama tena ikifika Februari.

Mtoto mwandikie namba mbili kwenye karatasi, umtie mfukoni, na mkubaliane mahali pa kukutana pasipohama. Mlango wa duka fulani, si “pale kwa yule mtu wa soda”.

Najua kuna watakaosema nimewaharibia raha, kwamba fataki bila kubanana si fataki. Kama uko peke yako, una miaka ishirini na viatu vizuri, enda Kencom, utafurahia.

Mpwa wangu sasa anajua jina langu kamili na namba yangu kwa kichwa. Mwaka huu tutakuwa Ngara, na hatutafika saa nne, tutafika saa tano na nusu. Mahindi tutanunua mapema, kwa noti.