Mbwa wa Fahari na Majuto ya Mwenyewe

Mtu akinunua saa mbovu kisha akajuta, hasara ni yake na mfuko wake. Lakini akinunua mbwa asiyemfaa, kisha akasema kwamba lau angerudishiwa siku ile asingemchagua tena, majuto hayo hayaishii uani kwake. Huvuka ukuta, yakaingia njiani wanamopita watoto wa jirani. Ndiyo maana leo tumeona yafaa kulizungumza jambo hili ambalo huenda wengine wakaliona dogo.

Tuanzie Nzega. Huo ni mji wa njia panda: barabara itokayo Singida hukutana hapo na ile iendayo Tabora na ile iendayo Shinyanga na Mwanza. Mji wa namna hiyo huwa na maghala, maduka na malori yanayolala, na mwenye mali hana budi kutafuta mlinzi. Katika miji yetu mingi sasa mlinzi anayesifiwa ni mbwa wa kigeni: German Shepherd na Rottweiler wa Ujerumani, au Boerboel wa Afrika Kusini. Mnunuzi huonyeshwa kifua kipana na kinywa cha kutisha. Haambiwi gharama.

Wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani kuwa Nzega ni mbali. Misafara iliyopata mtaji wake Unguja ilitoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na tawi lake la kaskazini lilikatiza nchi hiyo kuelekea ziwani. Historia ya misafara hiyo ina funzo juu ya mbwa pia. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na mbwa watano aliokuja nao kutoka Uingereza. Castor, mbwa mkubwa wa fahari, aliuawa na joto msafara ukiwa bado haujaiacha pwani mbali. Wa mwisho, aliyeitwa Bull, alianguka njiani mwaka 1876 msafara ulipokuwa ukishuka kutoka Karagwe kuelekea nchi ya Wanyamwezi. Miaka miwili haikutimia, na wote watano walikuwa wamekwisha.

Sababu za vifo vya namna hiyo hazijaondoka. Mbwa mwenye manyoya mazito aliyeumbikia nchi ya baridi hutaabika kwa jua la Unyamwezi. Misitu ya miombo ina mbung'o, na vimelea vya ndorobo humwua mbwa kama vinavyomwua ng'ombe. Kupe nao huleta homa zinazomlaza mbwa wa kigeni upesi kuliko yule aliyezaliwa hapa. German Shepherd hurithi ugonjwa wa nyonga, akashindwa kusimama kabla ya kuzeeka. Juu ya hayo, mbwa wa kilo arobaini anataka nyama, dawa na daktari wa mifugo, na daktari huyo hapatikani kila kata.

Hata hivyo, tabu kubwa kuliko zote ni tabia. Mbwa hawa walifugwa kwa vizazi vingi ili wafanye kazi: kuswaga kondoo na ng'ombe, au kulinda mashamba makubwa. Wanahitaji mazoezi na mtu anayejua kuwafundisha. Akifungwa mnyororo mchana kutwa katika ua wa hatua kumi, mbwa huyo huwa mkali bila kuchagua, na wa kwanza kuumwa aweza kuwa mtoto wa nyumba ileile. Uingereza ilipiga marufuku aina nne za mbwa wakali kwa sheria ya mwaka 1991, na tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa katika England na Wales kuwa na mbwa wa aina ya XL Bully bila cheti maalumu. Ikiwa nchi yenye madaktari wa wanyama kila mtaa imeona tabu hiyo, sisi tunajidanganya nini?

Majuto yakifika, mwenye mbwa hufanya nini? Wako wasiotaka kumwua wala kumlisha. Humfungulia usiku, akaenda zake. Hapo ndipo jambo la mtu mmoja linapogeuka kuwa la umma, kwa kuwa mbwa asiye na mwenyewe hana wa kumpeleka kuchanjwa. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa binadamu, karibu daima ni kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia. Pemba inalijua hili. Kampeni za chanjo ziliuondoa ugonjwa huo kisiwani, lakini ukarudi mwaka 2016, ikabidi kazi ya kuuondoa ianzwe upya. Bahari si ukuta iwapo mbwa anaweza kupakiwa chomboni bila kuulizwa hati.

Kwa upande mwingine, yupo mbwa tuliyemdharau. Tunamwita mbwa koko, jina la dharau tuliloendelea kulitumia bila kufikiri. Ni mwembamba, hula makombo, hustahimili jua, na hubweka mgeni akingali mbali. Ndiye anayefuatana na wachungaji wa Nzega na Igunga, na ndiye anayewasaidia wasasi wa Unguja na Pemba dhidi ya nguruwe wanaoharibu mihogo. Kudhani kwamba hafai kwa kuwa hakutoka ng'ambo ni kasumba. Lakini naye ana haki ya chanjo, maji na mwenyewe anayejulikana.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika serikalini wasingoje mtu aumwe. Tanzania Bara inayo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Anayeuza mbwa wa kigeni atakiwe kutoa cheti cha chanjo na kumweleza mnunuzi mahitaji ya mbwa huyo. Bandarini na katika madiko, mbwa asivuke bila kibali. Chanjo iwafikie angalau asilimia 70 ya mbwa wote, maana ndicho kiwango kinachokata mnyororo wa ugonjwa, na lengo la dunia la kukomesha vifo hivyo ni mwaka 2030. Na kila aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha akimbilie hospitali siku ileile.

Kwa mwananchi anayetaka mlinzi, ushauri wetu ni mfupi. Kabla ya kulipa, ajiulize atamlisha nini, atamtibu wapi, na nani atamfundisha. Asipokuwa na jibu, wazee walikwisha kumwambia: usiache mbachao kwa msala upitao.