Mwacheni Mwenyekiti Atafute Sifa

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti vya plastiki hapa Mosocho, kwa hiyo wanaharakati wa kupinga ukeketaji nawajua kutoka nyuma ya jukwaa. Namjua anayeuliza, kabla hata ya salamu, bango litakaa wapi lionekane vizuri kwenye picha. Namjua pia mama mmoja wa kijijini kwetu ambaye asipotajwa wa kwanza, tena kwa cheo chake cha mwenyekiti, hununa mpaka soda zigawanywe.

Watu humcheka kwamba anatafuta sifa. Anazitafuta kweli, na mimi nasema mwacheni.

Tangu mradi wa Fulda-Mosocho utuunganishe na Wajerumani kupinga ukeketaji, wamepita hapa wageni wengi wema, wengine hawataki hata kupigiwa makofi. Sheria ya kupiga marufuku kisu ilipitishwa 2011. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban wanawake 77 katika kila 100 wa Kikisii wamekeketwa. Siku hizi ukeketaji hufanywa kisirisiri, mara nyingine na mhudumu wa afya mwenye glavu. Msimu wenyewe ni Desemba, shule zikifungwa. Na Desemba hiyo hiyo ofisi za miradi nazo huenda likizo, mahema yangu yakabaki ya harusi na matanga.

Mwenyekiti yeye habanduki. Alishajigamba kanisani kwamba hakuna msichana wa kijiji chetu atakayeguswa. Sasa akinusa tu kuna boma linaloandaa karamu isiyo na sababu, utamkuta anabisha hodi usiku, amejifunga leso yake ya heshima. Haogopi laana ya bibi wa mtu. Anaogopa kuchekwa sokoni.

Hata kwenye siasa ni hivyo: George Anyona, mbunge wa zamani wa Kitutu Mashariki, aliwekwa kizuizini 1977 na tena 1982. Sidhani mtu asiyejiona wa maana angerudi kwenye vita baada ya mara ya kwanza.

Mimi huangalia sifa hizo mtu anazitaka kwa nani. Za mfadhili hupatikana kwa picha na ripoti. Za majirani ni ghali, maana majirani wanajua binti wa nani alipotea wiki mbili na kwa nini.

Sasa wananong'ona kwamba mama anautaka uwakilishi wadi 2027. Autake. Akija kuniomba kura, nitamwuliza habari za Desemba.