Asiyezaliwa hana saini

Fomu waliyopewa wenzi wale wa China iliutaja mradi kuwa ni wa kutengeneza chanjo ya UKIMWI. Mume alikuwa akiishi na VVU, mke hakuwa navyo, na wote wawili walikuwa na hamu ya mtoto. Aliyewakabili alikuwa mwanasayansi mwenye maabara, fedha na lugha ya kitaalamu wasiyoweza kuipima. Novemba 2018, mwanasayansi huyo, He Jiankui, alipotangaza kwamba mapacha waliobadilishwa vinasaba wangali viinitete wamezaliwa, dunia ilishtushwa na mkasi wake wa kukatia jeni. Ilipaswa kushtushwa na fomu vilevile.

Kesi yenyewe ilikwisha. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni 3, baada ya kubainika kwamba hata hati za kamati ya maadili zilighushiwa. Ila siku hukumu inasomwa, mapacha walikuwa wamekwishatimiza mwaka, na mtoto wa tatu alikuwa amezaliwa. Mamlaka inayoadhibu baada ya tendo imetimiza nusu ya wajibu wake, tena ile nusu nyepesi. Wapo pia wanasayansi wa Marekani waliodokezwa mapema. Baadhi yao walimsihi aache, lakini hakuna aliyetoka hadharani kupiga kelele. Wakisema walichelea kuvunja siri ya mwenzao, tutawauliza siri hiyo ilikuwa na uzito gani mbele ya watoto watatu.

Hatuwabezi wanaoiona elimu hii ya kukata jeni kuwa rehema. Mzazi aliyekesha akimkanda miguu mtoto mwenye selimundu, akihesabu saa hadi kupambazuke ampeleke kuongezewa damu, ana haki ya kuuliza kwa nini ugonjwa huo usikatwe kabla mimba haijatungwa tumboni, ikiwa ujuzi wa kukata upo na waliouvumbua, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2020. Swali lake ni zito, na anayelijibu kwa kumwambia asimwingilie Mungu hajamjibu kitu.

Jibu linaanza kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mno. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia mkasi huohuo: seli za mgonjwa hutolewa, hurekebishwa, kisha humrudia mwenyewe. Ameelezwa, amekubali, angeweza kukataa. Na badiliko likimdhuru, linaishia kwake. Kiinitete kinapokatwa, badiliko linaweza kuingia hadi katika mbegu zake za uzazi, likawafikia wajukuu ambao hakuna aliyewauliza. Ridhaa ya mzazi inatosha kumchanja mtoto au kumpasua kidole tumbo, kwa sababu faida inajulikana na hatari imepimwa. Hapa hakuna lililopimwa. Mzazi hawezi kutia saini kwa niaba ya kizazi cha nne.

Tena tunajua machache mno kuhusu tunachotaka kukifuta. Jeni ya CCR5, aliyoilenga He, ndiyo hiyohiyo inayousaidia mwili kupambana na homa ya West Nile, iliyopewa jina la wilaya ya Uganda ambako virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1937. Na jeni ya selimundu, ambayo sisi watu wa ukanda huu tuna kila sababu ya kuichukia, ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Utafiti wa Anthony Allison uliodhihirisha hilo, uliochapishwa mwaka 1954, ulifanywa hapahapa Afrika Mashariki. Ni fundisho letu wenyewe, na inashangaza kuona tunavyolisahau kila tunapoletewa habari za jeni mbovu.

He hakuwa hata na hoja ya dharura. Kusafisha mbegu za kiume zisibebe VVU ni utaratibu uliokuwapo miaka mingi kabla yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake kuhusu kubadilisha jeni za binadamu Julai 2021, lakini mapendekezo hayana polisi. Kliniki za kupandikiza mimba zipo Nairobi na Dar es Salaam, na zinafanya kazi njema kwa watu waliolia miaka mingi. Nchini Kenya, muswada wa uzazi wa kusaidiwa ulifika bungeni mwaka 2014, ukawa wa kurudi tena na tena. Anayefungiwa mlango kwao hutafuta ulioachwa wazi, na mwaka mmoja wa uzembe wa wabunge unamtosha. Wajibu wa mabunge ya kanda hii ni kuharamisha bayana, kwa adhabu ya jinai, kupandikiza kiinitete kilichobadilishwa vinasaba, bila kuigusa tiba ya wagonjwa waliokwishazaliwa. Wajibu wa wizara za afya ni kuhakikisha mtoto mwenye selimundu anapimwa akiwa mchanga na anapata dawa ya haidroksiyurea kwenye hospitali iliyo karibu naye. Serikali isiyomfikishia kidonge hicho isitusimulie ndoto za mkasi.

Kamati za maadili nazo ziache kuamini mihuri. Simu moja kwa hospitali iliyotajwa kwenye hati ingetosha kuuliza kama saini ni zake. Na fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mama na mtu asiyelipwa na mradi, kisha mama aulizwe aeleze kwa maneno yake ni nini atakachofanyiwa mtoto. Asipoweza kueleza, kalamu irudi mfukoni.