Msichana Naye Ashike Darubini

Nimefundisha biolojia katika chuo kikuu kwa miaka mingi, na nakiri kosa moja nililolirudia bila kujua. Kila nilipowagawa wanafunzi vikundi vikundi maabarani, wavulana waliotoka shule zenye vifaa waliishika darubini, nao wasichana, hususan waliotoka sehemu kame, wakaachiwa kuandika matokeo na kuosha vyombo. Kwa kuwa kazi ilikwenda, nilinyamaza.

Siku moja mmoja wao, binti wa wafugaji ambaye alama zake ziliwapita wengi, aliniambia, "Mwalimu, sayansi naijua, lakini mimi si mwanasayansi." Kufaulu alifaulu, ila hakujiona kuwa mmoja wetu. Angejionaje hivyo, ilhali mimi mwalimu wake nilimfanya karani?

Walimu wenzangu, kujiamini hakujengwi kwa hotuba. Hujengwa kwa kazi. Marehemu Wangari Maathai aliporejea kutoka Marekani mwaka 1966, kazi aliyoahidiwa aliikuta imepewa mtu mwingine. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa nafasi katika idara ya anatomia ya wanyama. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati.

Huko Marekani nako, Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, kilianzisha mpango wa Meyerhoff mwaka 1988, kwanza kwa ajili ya wanafunzi weusi, waliokuwa wachache mno katika sayansi. Husoma kwa ushirika, huingia maabarani mapema na hupewa walezi. Kizzmekia Corbett, aliyehitimu humo mwaka 2008, alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioongoza kubuni chanjo ya Moderna dhidi ya korona mwaka 2020.

Wako watakaosema kwamba darubini zetu ni haba. Ni kweli, lakini zamu haigharimu hata senti. Kila mwanafunzi na ashike kifaa kwa zamu yake, aulize swali lake mwenyewe, na aeleze matokeo mbele ya wenzake. Nawe mwanafunzi uliyezoea kusimama nyuma ya kikundi, sogea mbele.

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Binti yule alipoishika darubini, alichagua kuchunguza kupe wa ngamia wa kwao. Katika miaka yangu yote maabarani, swali hilo halikuwahi kunijia.